Kubadilisha magurudumu na upana wa tairi kwenye baiskeli ya umeme ya mlimani: tuangalie ubavu wa tairi kabla ya upana

#1 — Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Swali hili haliishi: "Baiskeli yangu ya umeme ya mlimani imekuja na tairi la upana wa inchi 2.4, niweke 2.6 au 2.8?" Anayeuliza anapewa namba, anashukuru, anakwenda kununua. Mimi pia nilipewa namba, na ilinigharimu ringi moja, kovu kwenye fremu na spoku mbili. Naomba niandike kwa kirefu, maana mambo haya yamefungamana, ukigusa moja umegusa yote.

Yaliyonikuta ni haya. Baiskeli yangu ina kilo 24 na mota ya katikati yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 85. Gurudumu la nyuma lilikuwa linateleza kwenye mizizi yenye maji, nikaamini dawa yake ni upana. Nikafunga tairi la 2.8, lile jepesi lenye ubavu mwembamba, nikashusha upepo hadi psi 17. Nyumbani lilizunguka bila kugusa popote. Kati ya tairi na mkono wa fremu kidole changu cha mwisho hakikupita, penseli ilipita kwa shida, nikasema inatosha.

Haikutosha. Siku ya tatu niliingia kwenye udongo wa mfinyanzi. Kashata zikajaa tope, tope likabeba vijiwe, na kila mzunguko nikawa nasikia mkwaruzo wa msasa. Jioni nikiosha baiskeli nikakuta rangi imeliwa hadi kwenye chuma, mchirizi wa urefu wa kidole gumba, umenyooka kama umepigwa tupa. Wiki hiyohiyo nikapiga jiwe lenye pembe nikiwa nateremka. Tairi lilibonyea lote, jiwe likagonga ringi, na dawa ya pancha ikaanza kuruka nyuma yangu. Nikipitisha kidole kwenye ukingo wa ringi ile hadi leo nausikia mbonyeo, kama pengo la jino.

Kilichoniangusha ni ubavu wa tairi. Tairi pana lenye ubavu mwembamba linakulazimisha uchague: ukilijaza upepo linadundadunda kama mpira, ukilishusha linakunjika kwenye kona na linaacha ringi bila ulinzi. Kwenye baiskeli ya kawaida ya kilo 13 unaweza kuishi nalo. Kwenye ya umeme una kilo kumi au zaidi za ziada, nyingi ziko chini katikati, na tena mota inakufanya upande na kushuka mara nyingi zaidi kwa siku moja. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba adhabu yote hiyo.

Sasa tuingie kwenye namba, maana zinasaidia ukijua zinasema nini.

Angalia ubavuni mwa tairi lako, utaona maandishi kama 61-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. 622 ndiyo tunayoiita inchi 29, 584 ni inchi 27.5, na 559 ni zile za zamani za inchi 26. Kwa hiyo 61-622 ni 29 x 2.4, na 66-622 ni 29 x 2.6. Kwenye ringi namba zinageuka: 622x30 maana yake kipenyo 622, upana wa ndani milimita 30. Msisitizo uko kwenye neno NDANI. Watu wanapima nje kwa nje, wanapata 35, wananunua tairi la ringi ya 35, kumbe ringi yao ni ya 30. Pima kati ya kingo mbili, kule tairi linakokaa.

Upana huo wa ndani ndio unaoamua umbo la tairi. Ringi ya 25 ukiivalisha tairi la 2.6, tairi linakaa kama balbu ya taa: jembamba shingoni, nene juu. Kwenye kona linayumba upande na ukishusha upepo linaweza kubanduka kidogo na kutema hewa. Ringi ya 40 ukiivalisha 2.3, tairi linatandazika. Kashata za pembeni zinapanda juu, ubavu unabaki wazi, na kingo za ringi zinatokeza kuyapokea mawe kabla ya tairi. Katikati ya hayo mawili ndipo tunapopataka. Kwa uzoefu wangu na kwa miongozo ya watengenezaji wengi, ringi ya milimita 30 inabeba 2.35 hadi 2.6 bila shida. Ringi ya 35 inapendeza na 2.5 hadi 2.8. Ukitaka 2.8 hadi 3.0, tafuta 35 hadi 40. Matairi ya Maxxis yenye alama ya WT yamechorwa kwa ajili ya ringi zenye upana wa ndani wa 30 hadi 35, ndiyo maana 2.4 WT ya kampuni hiyo inakaa vizuri kuliko 2.4 ya zamani kwenye ringi za leo.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: tairi lilelile linabadilika upana kulingana na ringi. Ukiongeza milimita 5 za ringi, tairi linatanuka kama milimita 2. Na tairi jipya linajinyoosha tena milimita moja au mbili baada ya siku chache likiwa na upepo. Kwa hiyo nafasi unayoiona siku ya kufunga siyo utakayokuwa nayo wiki ijayo. Mimi siku hizi nataka angalau milimita 6 kila upande na juu pia, kwenye mikono ya nyuma na chini ya daraja la foku. Natumia ufunguo wa alen wa milimita 6: ukipita wima bila kukwaruza pande zote, najisikia salama. Usipopita, sifungi.

Kuhusu ubavu: kila kampuni ina majina yake. Maxxis wana EXO, EXO+, DoubleDown na DH, kutoka jepesi hadi zito. Schwalbe wana Super Trail na Super Gravity. Continental wao wanaandika Trail, Enduro na Downhill. Kipimo changu dukani ni kidole gumba. Shika tairi lisilo na upepo, likunje ubavu. Lile jepesi linakunjika kama kitambaa cha shati. Lile lenye matabaka mawili linakataa, na ukiliweka chini linasimama lenyewe. Kwa gurudumu la nyuma la baiskeli ya umeme mimi sitaki linalokunjika kirahisi.

Najua mtasema: "Mkuu, uzito!" Ni kweli, tairi la 29 la ubavu mgumu linaweza kuzidi lile jepesi kwa gramu 250 hadi 300. Na ni kweli kwamba uzito ulio pembezoni mwa gurudumu unahesabika karibu mara mbili unapoongeza mwendo, kwa sababu unausogeza mbele na unauzungusha kwa wakati mmoja. Basi tuseme gramu 300 zinakuwa kama gramu 600. Mimi na baiskeli tuna kilo 105. Hizo gramu 600 hazifiki asilimia moja, na mota inazimeza bila kulalamika. Hasara ya kweli iko kwingine, kwenye shokapu: gurudumu zito linachelewa kufuata mashimo madogo. Hiyo nakubali, naisikia. Lakini kati ya kuchelewa kidogo kwenye vishimo na kusukuma kilo 24 za baiskeli yenye pancha hadi nyumbani, nimeshachagua.

Leo nimetulia hapa: ringi yenye upana wa ndani wa 30 mbele na nyuma. Mbele tairi la 2.5 lenye ubavu wa kati na mpira laini, kwa sababu gurudumu la mbele kazi yake ni kushika na kuniongoza. Nyuma 2.4 yenye ubavu mgumu na mpira mgumu kidogo, kwa sababu mota inatafuna kashata. Psi 21 mbele na 25 nyuma, mimi nikiwa na kilo 81 pamoja na begi na kofia. Nyuma sasa inashika mizizi vizuri kuliko ilivyoshika na 2.8, kwa sababu ubavu unajibeba wenyewe na siogopi kutembea na upepo sahihi.

Habari ya habu (kitovu cha gurudumu) na spoku nitaiandika chini, maana hapa nimeshawachosha. Mwenye swali au anayepinga karibu.

#2 — Mchangiaji wa kwanza

Mkuu umeshusha nondo. Ila nina swali. Yangu ilikuja na tairi 27.5 x 2.8 na ringi ya 38. Nimeona za siku hizi zote zina 2.4 na 2.5. Ina maana yangu imepitwa, nibadilishe magurudumu yote?

#3 — Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, usikimbilie kununua. Kati ya 2016 na 2018 baiskeli nyingi za umeme za mlimani zilikuja na hizo 2.8, na kwenye mchanga na changarawe bado ni nzuri sana. Ringi yako ya 38 haipendi 2.4, itatandazika kama nilivyosema. Lakini 2.6 yenye ubavu mgumu itakaa sawa. Jaribu hiyo kwanza nyuma. Ila fahamu kitu kimoja: 2.6 ni fupi kuliko 2.8, kwa hiyo ukibadilisha nyuma tu pedeli zako zitashuka karibu na ardhi kwa milimita 3 hivi. Kama tayari unagonga mawe kwa pedeli, utagonga zaidi kidogo.

#4 — Mchangiaji wa pili

Mimi napingana na mleta uzi kwenye jambo moja, kwa heshima. Natumia 2.6 mbele na nyuma, ubavu mwepesi, nimeweka sponji za ndani za kulinda ringi. Psi 18 mbele, 20 nyuma. Msimu mzima ringi haina hata alama. Naona sponji inafanya kazi yote ya ubavu mgumu, na ukichakaza tairi unanunua jepesi lingine, sponji inabaki.

#5 — Mleta uzi

Mkuu nakuheshimu na hoja yako ina uzito. Sponji inalinda ringi, hilo halina ubishi, na inashikilia mdomo wa tairi usibanduke. Isichoweza ni kulinda ubavu wenyewe na jiwe kali linalochana kutoka nje. Njia ninazopita mimi zina mawe ya kukatika, kama vigae, ndiyo maana nimeegemea kwenye ubavu. Kama njia zako ni udongo, mizizi na mawe ya mviringo, mpangilio wako ni mzuri na pengine ni laini kuliko wangu. Naomba utuambie tu una kilo ngapi, ili mwenye kilo 95 asichukue psi 20 yako akapata hasara.

#6 — Mchangiaji wa pili

Uko sahihi, nilisahau. Nina kilo 66 na kila kitu mwilini. Na kweli njia zangu hazina mawe makali.

#7 — Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi ni fundi wa baiskeli kwa miaka mingi, naomba niingize neno kuhusu spoku na habu kabla watu hawajanunua magurudumu kwa kuangalia rangi.

Baiskeli za umeme zinazokuja kwangu zikiwa na shida ya gurudumu, nyingi zimekatika spoku nyuma, upande wa gia, palepale kwenye kiwiko cha spoku inapoingia kwenye habu. Mara chache zinakatika katikati. Sababu kubwa ni spoku kulegea. Spoku iliyokaza vizuri haichezi. Iliyolegea inakazwa na kuachiwa kila gurudumu linapozunguka, na chuma kinachokunjwakunjwa hivyo huchoka, mwishowe kinakatika siku ambayo hata hujapiga shimo.

Mfano wa nguvu tunazozungumzia. Mota ya Nm 85, na mtu wa kilo 80 amesimama juu ya pedeli kwenye mkono wa pedeli wa milimita 170: uzito wake peke yake unatoa kama Nm 133. Jumla 218. Ukiwa kwenye gia nyepesi kabisa, meno 34 mbele na 51 nyuma, habu inapokea kama Nm 327. Zote hizo zinapita kwenye meno madogo ndani ya friwili, ile sehemu ya habu inayoshika ukikanyaga na kuachia ukiacha, na kwenye spoku. Ndiyo maana gurudumu la spoku 28 lililotengenezwa kwa baiskeli nyepesi ya mashindano silipendekezi nyuma kwa baiskeli ya umeme yenye nguvu kamili. Nataka 32, spoku nene kiasi, na nipeli (vijinati vya kukazia spoku) za shaba nyuma. Nipeli za aluminiamu ni nyepesi lakini kwenye tope na maji zinaliwa, halafu zinagoma kugeuka unapotaka kunyoosha ringi.

#8 — Mleta uzi

Asante sana fundi. Ndipo nilipopoteza spoku zangu mbili. Nilikuwa napanda mlima kwa gia nyepesi, nikasikia "ting!", nikadhani ni kijiti kimegonga. Baada ya dakika kumi ikalia tena, na ringi ikaanza kugusa mkono wa fremu. Zote mbili zilikatika kwenye kiwiko, upande wa gia, kama ulivyosema. Sikuwahi kukaza spoku hata mara moja tangu baiskeli iwe mpya.

Swali kwako: meno ya friwili. Watu wanasifia habu zenye kushika haraka, meno 54, wengine zaidi. Mimi nina ya 24. Unashauri nini?

#9 — Mchangiaji wa tatu

Swali zuri. Meno 24 maana yake gurudumu linashika kila baada ya digrii 15. Meno 36 ni digrii 10, meno 54 ni digrii 6.7 hivi. Meno yakiwa mengi kila jino linakuwa dogo zaidi. DT Swiss kwenye habu zao za Hybrid zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za umeme waliweka meno 24 ya chuma kigumu, na walikuwa na sababu: jino kubwa linabeba mzigo mkubwa. Kwa mtu mzito au anayepanda milima kwa hali ya nguvu zote, mimi nabaki hapohapo.

Ila sitasema wengine wanakosea. Kwenye gia ya 34 kwa 51, digrii 15 za gurudumu zinaweza kuwa digrii 22 na nusu za pedeli kabla hujasikia kitu. Ukiwa umesimama kati ya mawe mawili na unataka robo mzunguko tu ili upande, hizo digrii 22 unazisikia mguuni. Anayependa njia za mawe za kupanda polepole, 36 ni pazuri pa kukutania. Zaidi ya hapo, kwa baiskeli ya umeme, mimi naona faida inapungua.

#10 — Mchangiaji wa nne

Naomba msaada wakuu. Nimeona magurudumu mazuri ya kaboni, mepesi, nataka kuyachukua. Nitajuaje kama yataingia kwenye baiskeli yangu?

#11 — Mchangiaji wa tatu

Kabla ya kaboni, vua gurudumu la nyuma upime. Baiskeli nyingi za sasa zina upana wa habu wa 148 nyuma na ekseli ya milimita 12, na 110 mbele na ekseli ya milimita 15. Hiyo ndiyo inaitwa Boost. Zipo fremu chache za 157 nyuma. Hizi hazibadilishani. Halafu angalia gia zako: kaseti yenye jino dogo la 11 mara nyingi inataka friwili ya HG, ya Shimano ya gia 12 yenye jino la 10 inataka Micro Spline, na nyingi za SRAM zenye jino la 10 zinataka XD. Mwisho diski ya breki: ya bolti sita au ya Centerlock, inayofungwa kwa pete moja katikati. Ukikosea kimoja kati ya hivyo, gurudumu litakaa pembeni likikutazama.

Kuhusu kaboni yenyewe, nyuma kwenye baiskeli ya umeme mimi naona aluminiamu inakupa nafasi ya pili. Ikibonyea kidogo naweza kuirudisha kwa koleo na tairi likashika tena. Kaboni ikipasuka, basi. Mbele ukipenda weka, huko adhabu ni ndogo.

#12 — Mchangiaji wa nne

Nimepima. 148, Micro Spline, Centerlock. Asante fundi, nimeamua aluminiamu nyuma, na mbele naacha ileile. Je, naweza kuweka 27.5 nyuma na 29 ibaki mbele? Nimeona wengine wanafanya.

#13 — Mleta uzi

Hilo naomba nilijibu mimi, maana nimelifanyia hesabu nikalijaribu kwenye baiskeli ya rafiki.

Tairi la 29 x 2.4 lina kipenyo cha karibu milimita 744. La 27.5 x 2.4 ni karibu 706. Kwa hiyo ekseli ya nyuma inashuka milimita 19. Kwenye baiskeli ya kawaida ya mlimani pedeli zinashuka karibu milimita 12, na pembe ya foku inalala nyuma kwa chini kidogo ya digrii moja. Kuteremka utafurahi, hasa mfupi ambaye tairi la nyuma linamgusa makalio kwenye miteremko mikali. Kupanda utagonga mawe kwa pedeli, na mbele patakuwa pepesi zaidi. Kama fremu yako ina kijikipande cha kugeuza kwenye kiungo cha shokapu kwa ajili ya gurudumu dogo la nyuma, kitumie. Kama haina, soma kwanza maelezo ya mtengenezaji wa fremu, wengine hawaruhusu.

Na hapa kuna jambo la baiskeli ya umeme peke yake: sensa ya mwendo. Mota inahesabu mizunguko ya gurudumu la nyuma kwa sumaku na kuzidisha kwa mzingo uliowekwa kwenye mfumo. Ukiweka gurudumu dogo bila kubadilisha namba hiyo, kioo kitakuonyesha mwendo wa juu kuliko ulio nao. Kutoka 29 x 2.4 kwenda 27.5 x 2.4 tofauti ni kama asilimia 5. Pale ambapo msaada wa mota unakatika kwa kilomita 25 kwa saa, kama ilivyo Ulaya, wako utakatika ukiwa kwenye 23.7 hivi. Mzingo sahihi urekebishwe kwenye programu ya mota au kwa fundi mwenye kifaa chake. Hata kutoka 2.4 kwenda 2.6 kuna tofauti ndogo, ingawa hiyo haisumbui.

Na msisahau sumaku yenyewe! Baadhi ya baiskeli zimeifunga kwenye spoku au karibu na vali, nyingine kwenye diski. Ukihamishia gurudumu jipya bila sumaku, mota itawaka, itakaa kidogo, kisha italeta kosa na kukata msaada. Mtu anaweza kudhani ameharibu mota, kumbe ni kijisumaku kilichobaki kwenye gurudumu la zamani.

#14 — Mchangiaji wa tano

Naweka kambi hapa. Mimi nina kilo 102, baiskeli ya kilo 25, napita mawe. Mleta uzi nipe psi ya kuanzia tafadhali, ringi 30, tairi 2.4 nyuma ubavu wa matabaka mawili, 2.5 mbele.

#15 — Mleta uzi

Ndugu, anza na 25 mbele na 29 nyuma. Panda njia unayoijua, ileile, mara tatu. Ukiona hujagonga ringi hata mara moja na tairi linaruka kwenye mawe, shusha psi moja, rudia. Ukisikia mgongano wa "tok" kwenye ringi mara moja kwenye njia nzima, rudisha psi moja na uishie hapo. Tumia kipimo kimoja cha upepo siku zote, hata kama kinadanganya kidogo, maana vipimo viwili tofauti vinaweza kupishana psi mbili au tatu na hiyo ni tofauti kubwa kwenye matairi haya. Anayetumia bar: bar 1 ni psi 14.5.

Kama unafunga bila tyubu, tepu ya ringi iwe pana kuliko upana wa ndani kwa milimita 2 hadi 5. Kwa ringi yako ya 30, chukua ya 33 au 34. Dawa ya pancha weka mililita 100 hadi 120 kwa tairi la ukubwa huo. Ubavu mgumu hukaa kwa tabu kwenye ringi mara ya kwanza: paka maji ya sabuni pembezoni, toa kiini cha vali, jaza upepo kwa mkupuo. Utasikia milio miwili mikubwa, kila upande na wake. Kisha zungusha gurudumu uangalie mstari mwembamba ulio ubavuni karibu na ringi, uwe na umbali uleule pande zote. Ukizama mahali, tairi halijakaa.

#16 — Mchangiaji wa tano

Nimefanya leo asubuhi. 25 na 29 zilikuwa ngumu kidogo mbele, nimeshuka hadi 24 mbele, nyuma nimeacha. Nilipita ile sehemu ya mawe ambayo kila mara nilikuwa nasikia ringi, leo kimya. Tairi la nyuma lilichelewa kukaa, mlio wa pili ulikuja baada ya jaribio la nne.

#17 — Mchangiaji wa tatu

Vizuri sana. Sasa kwa wote mliofunga magurudumu mapya: baada ya safari mbili au tatu za kwanza rudini kwenye spoku. Kaa kando ya gurudumu, shika spoku mbili mbili zinazopishana kwa kiganja, zibane, zunguka ringi nzima. Mkono utakuambia. Zote za upande mmoja zinapaswa kukataa kwa nguvu inayokaribiana, na za upande wa gia zitakuwa ngumu kidogo kuliko za upande wa diski, hiyo ni kawaida. Ukikuta moja imelegea, usiikaze peke yake hadi ilingane na jirani zake, utapindisha ringi. Robo mzunguko wa nipeli, zungusha gurudumu, tazama, kisha robo nyingine. Wenye kipimo cha spoku, kwa ringi nyingi za aluminiamu mnatafuta mkazo wa kati ya kilo 100 na 120 upande wa gia, ila someni kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa ringi.

Na kaza ekseli kwa kipimo chake kilichochongwa juu yake, nyingi ni Nm 10 hadi 12. Nimeona ekseli ya nyuma iliyolegea ikila nyuzi za fremu, na hiyo haina fundi.

#18 — Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi. Nimefunga 2.6 ya ubavu mgumu nyuma kwenye ringi yangu ya 38. Ufunguo wa alen wa milimita 6 umepita pande zote mbili na juu. Kesho napanda.

#19 — Mleta uzi

Safi sana. Pima tena baada ya siku tatu likiwa na upepo, palepale ulipopima leo.